Kosa la kitendo cha aibu hadharani (Tanzania)

Kosa la kitendo cha aibu hadharani ni kosa dogo la jinai katika sheria za Tanzania Bara. Linamhusu mtu anayefanya jambo linalokiuka staha mahali pa watu wote, au mahali ambapo watu wanaweza kumwona, bila sababu halali. Kosa hilo limo katika kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), ambacho kimekusanya makosa ya uzururaji na ukosefu wa utaratibu. Kwa kawaida mashtaka ya aina hii husikilizwa na mahakama ya mwanzo. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, iliyotungwa upya mwaka 2018, nayo haihusiki na makala hii.

Adhabu ya kosa hili ni nyepesi ikilinganishwa na makosa mengine ya jinai. Hata hivyo, hatia ikishaandikwa hubaki katika kumbukumbu. Kwa mtu ambaye hajawahi kushtakiwa, hatari kubwa mara nyingi haitoki kwenye ushahidi ulioletwa dhidi yake, bali kwenye haraka ya kukiri kosa ili arudi nyumbani siku hiyohiyo.

## Maana na vipengele vya kosa

Ili mshtakiwa atiwe hatiani, upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha mambo manne:

1. kwamba mshtakiwa ndiye aliyefanya kitendo kinachotajwa;
2. kwamba kitendo hicho ni cha aibu, yaani kinakiuka staha ya kawaida;
3. kwamba kilifanyika hadharani;
4. kwamba hakikuwa na sababu halali.

Neno "hadharani" lina maana maalumu. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, kitendo kimefanyika hadharani kama kimefanyika mahali pa watu wote kiasi cha kuweza kuonekana na mtu yeyote, au kama kimefanyika mahali pa faragha lakini kwa namna ambayo mtu aliye mahali pa watu wote anaweza kukiona. Mahali pa watu wote ni pamoja na njia, jengo au chombo cha usafiri ambacho watu wana haki au ruhusa ya kuingia. Hivyo kituo cha basi, soko, baa na ndani ya daladala ni hadharani. Chumba cha kulala chenye mlango uliofungwa na pazia lililoshushwa si hadharani, hata kama jirani amesikia sauti.

Sheria haikuorodhesha vitendo vya aibu kimoja kimoja. Hakimu hupima kwa kuangalia kitendo chenyewe, mahali, saa na watu waliokuwepo. Mifano inayojitokeza ni kuvua nguo mbele ya watu, kufanya tendo la ndoa ndani ya gari lililoegeshwa barabarani, au kuonyesha sehemu za siri kwa makusudi. Kanuni ya Adhabu haitaji urefu wa sketi wala aina ya suruali.

## Makosa yanayofanana nalo

Ni muhimu kusoma hati ya mashtaka kwa makini, kwa kuwa maneno yanayokaribiana huweza kubeba uzito tofauti kabisa.

- Shambulio la aibu na kitendo cha aibu kubwa ni makosa mazito. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza adhabu zake, hasa pale mtoto anapohusika.
- Unyanyasaji wa kijinsia ni kosa dhidi ya mtu fulani aliyesumbuliwa kwa maneno au vitendo. Si kosa dhidi ya staha ya umma kwa ujumla.
- Lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani ni kosa jingine, hata kama lilitendeka mahali palepale.
- Kujisaidia ovyo mijini mara nyingi hushughulikiwa chini ya sheria ndogo za usafi za halmashauri, ambako mtu hutozwa faini.

Mtu aliyekojoa nyuma ya ukuta kando ya stendi anaweza kushtakiwa kwa sheria ndogo ya usafi au kwa kifungu cha 176. Tofauti ni kubwa: shtaka la kwanza linaeleza uchafuzi wa mazingira, la pili linamwekea doa la tabia. Kuomba shtaka libadilishwe kuwa lile linalolingana na kitendo ni sehemu halali ya utetezi.

## Historia

Kifungu hiki ni urithi wa ukoloni. Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824 iliwaweka katika kundi moja ombaomba, watu wasio na makazi na wanaoonyesha maungo yao hadharani. Mtindo huo uliingia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika iliyotungwa mwaka 1930 chini ya utawala wa Waingereza, na vifungu vya mfano huo viliingia pia katika sheria za Kenya na Uganda. Lengo lilikuwa pamoja na kuwadhibiti Waafrika walioingia mijini bila ajira.

Baada ya uhuru, suala la staha lilichukua sura ya kisiasa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua jijini Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvukazi, ambayo watu wengi wanaikumbuka kwa misako ya wazururaji mijini. Katika vipindi vyote viwili mpaka kati ya maadili, ajira na jinai ulikuwa mwembamba.

## Shinyanga na ukanda wa dhahabu

Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, ambako upo uwanja wa ndege wa Shinyanga. Kama kata nyingine za pembezoni mwa mji, ni mahali ambapo maisha ya kijiji na ya mji hukutana. Upande wa magharibi, kuelekea Kahama na Geita, machimbo ya dhahabu huvuta vijana kutoka mikoa mingi. Rashi mpya inapotokea, watu hujazana kabla ya vyoo na mabafu kujengwa. Katika hali hiyo, kuoga kwenye mto au kujisaidia porini si ukosefu wa adabu bali ni ukosefu wa huduma, na hapo ndipo maneno "bila sababu halali" yanapopata uzito wake. Baa na nyumba za wageni za machimboni pia ni mahali panapolengwa na misako, ambapo waliofanya kosa na waliokuwa wakipita tu hupakiwa katika gari moja.

Eneo hili lina pia historia ya sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi ili kupambana na wizi wa ng'ombe na ujambazi. Serikali iliutambua kisheria kwa marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989. Sungusungu wanaweza kumkamata mtu, lakini wanapaswa kumfikisha polisi. Kumchapa viboko, kumvua nguo au kumtembeza mtaani akiimbiwa nyimbo za kumdhalilisha si adhabu halali. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda utu wa mtu katika hatua zote za upelelezi na uendeshaji wa mashtaka.

Mila haziwezi kutumika kama kinga ya kila jambo. Desturi ya *chagulaga* katika Usukuma, ambapo vijana humfuatilia msichana baada ya ngoma hadi amchague mmoja wao, imewahi kuelezwa kama uchumba tu. Msichana akishikwa bila ridhaa yake, mbele ya sheria hilo si tena suala la mila, na shtaka linaweza kuwa zito kuliko kifungu cha 176.

## Kukamatwa na dhamana

Anayekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) inampa pia haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake. Mshukiwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au kuachiwa kwa dhamana ya polisi.

Kosa hili lina dhamana. Dhamana ya polisi haitozwi fedha. Kinachotakiwa kwa kawaida ni mdhamini anayejulikana, mwenye kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Kwa hiyo ndugu wanaofika kituoni wanafanya jambo la maana zaidi wakienda kwanza kuchukua barua hiyo kuliko wakienda kutafuta fedha.

Maelezo anayotoa mshukiwa polisi huandikwa, naye huombwa kuyatia saini. Ni haki yake kuyasoma au kusomewa kwanza, na kutaka yarekebishwe kama hayalingani na alichosema.

Mtu aliyerekodiwa kwa simu akiwa utupu ana ulinzi pia. Anayesambaza picha hizo mtandaoni anaweza yeye mwenyewe kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

## Kujibu shtaka

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote. Karani au hakimu husoma shtaka na kumuuliza mshtakiwa kama ni kweli au si kweli. Mshtakiwa aliyelala mahabusu, anayeona aibu mbele ya majirani, na aliyeambiwa na wenzake kwamba "ukikiri unalipa faini unaenda zako", hujibu "ni kweli" hata kabla ya kuelewa anachokikubali.

Sheria inataka kukiri kuwe wazi na kusiwe na utata. Katika kesi ya *Adan dhidi ya Jamhuri* ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza utaratibu ambao bado unafuatwa:

- shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa;
- maneno yake mwenyewe yaandikwe;
- upande wa mashtaka usimulie maelezo ya tukio;
- mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza maelezo;
- akionyesha kwamba hakubaliani na jambo la msingi, iandikwe kwamba amekana.

Mshtakiwa akisema "ni kweli nilikojoa, lakini ninaumwa na choo cha stendi kilikuwa kimefungwa", hajakiri. Ametoa sababu inayoweza kuwa halali, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana ili ushahidi usikilizwe.

Lugha ya mahakama ya mwanzo ni Kiswahili. Mzee anayezungumza Kisukuma tu ana haki ya kupata mkalimani. Kutikisa kichwa kwa heshima mbele ya mkubwa si kukiri kosa.

Haya hayamaanishi kwamba kila mtu akane. Aliyefanya kitendo akijua, na asiye na sababu, anaweza kukiri kwa moyo mweupe, na kukiri mapema huhesabiwa kwa faida yake wakati wa adhabu. Cha msingi ni kwamba akubali alichofanya hasa, na si zaidi ya hapo.

## Njia za utetezi

Mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Ibara ya 13(6) ya Katiba inamhesabu kuwa asiye na kosa mpaka ithibitike vinginevyo. Mahakama ya mwanzo inaongozwa na kanuni zake za ushahidi za mwaka 1964, lakini kipimo katika jinai ni kilekile: kosa lithibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Utetezi huelekea katika njia zifuatazo.

Utambuzi. Msako wa usiku hukusanya watu wengi. Shahidi anapaswa kueleza alimwona nani, akiwa umbali gani, kwa mwanga gani, na akifanya nini. Kukutwa katika baa si kitendo cha aibu.

Hapakuwa hadharani. Ushahidi wa mahali, urefu wa ukuta au giza unaweza kuonyesha kwamba kitendo kisingeweza kuonekana na mtu aliye mahali pa watu wote.

Sababu halali. Ugonjwa ni mfano wa karibu. Mwanamume mwenye tatizo la tezi dume, mama mwenye kisukari au mtu aliyeharisha ghafla anaweza kuleta cheti cha hospitali. Kumnyonyesha mtoto ni jambo la kawaida katika jamii zetu na si kitendo cha aibu.

Kukosekana kwa kusudi. Nguo iliyochanika katika ugomvi au kuanguka si kosa la aliyevaa.

Ugonjwa wa akili. Mtu anayetembea utupu huenda anahitaji daktari kabla ya hakimu. Ndugu wanapaswa kuijulisha mahakama mapema. Mahakama ikiona dalili hizo inaweza kuagiza uchunguzi, na taasisi inayojulikana kwa kazi hiyo ni Isanga, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma.

Umri. Mtoto wa chini ya miaka 10 hana jukumu la jinai. Aliye chini ya miaka 18 hushughulikiwa katika mahakama ya watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Ulevi si utetezi kwa mtu aliyekunywa kwa hiari yake. Kutojua sheria nako si utetezi.

## Msaada wa kisheria

Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kuwakilisha watu katika mahakama za mwanzo. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliwaruhusu kufika mbele ya mahakama ya mwanzo inayoendeshwa na hakimu mkazi. Hata hivyo washtakiwa wengi hujitetea wenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao humweleza mtu haki zake na utaratibu wa mahakama bila malipo, ingawa hawasimami mahakamani kama mawakili. Mwaka 2023 Serikali ilianzisha Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyopeleka huduma hiyo mikoani.

## Adhabu kwa mkosaji wa mara ya kwanza

Mshtakiwa akitiwa hatiani, hakimu huuliza kama ana makosa ya nyuma, kisha humpa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu. Wengi hujibu "naomba mahakama inisamehe" na kunyamaza. Maombi yenye manufaa hutaja mambo yanayoweza kuthibitishwa: kwamba ni kosa la kwanza, umri, wanaomtegemea, afya, kazi au masomo, siku alizokaa mahabusu, na kwamba hakuna mtu aliyedhurika. Mwenyekiti wa mtaa, mwalimu au kiongozi wa dini anaweza kueleza mwenendo wake.

Hakimu ana njia kadhaa mbali na jela:

- Kuachiwa bila adhabu au kwa masharti. Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinairuhusu mahakama, baada ya kuangalia aina ya kosa na tabia ya mkosaji, kumwachia kabisa au kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12.
- Uangalizi. Mkosaji hubaki nyumbani chini ya ofisa wa probesheni.
- Huduma kwa jamii. Sheria ya mwaka 2002 inaruhusu kazi isiyo na malipo, kama usafi wa zahanati au shule, kwa makosa yanayostahili kifungo kisichozidi miaka 3.
- Faini.

Njia inayofaa zaidi kwa mtu asiye na kosa la nyuma ni kuachiwa kwa masharti, lakini mshtakiwa asiyeijua haiombi. Ni halali kabisa kumwambia hakimu: "Naomba mahakama izingatie kuniachia kwa masharti."

## Rufaa

Asiyeridhika na hukumu ya mahakama ya mwanzo hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na kutoka hapo Mahakama Kuu, ambayo kwa Shinyanga ina kanda yake mjini humo. Aliyekiri kosa ana mlango mwembamba: kwa kawaida anaweza kulalamikia adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata, kulitokana na kutoelewa, au kwamba shtaka halikuonyesha kosa lolote. Mahakama ya Wilaya inaweza pia kuitisha jalada na kulipitia.

## Athari baada ya hukumu

Faini hulipwa siku moja, lakini hatia huonekana tena baadaye. Cheti cha polisi cha mwenendo, kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, huhitajika na baadhi ya waajiri na katika safari za nje. Mtumishi wa umma aliyetiwa hatiani kwa jinai anaweza kufunguliwa shauri la nidhamu. Kwa kijana aliyemaliza chuo na anayetafuta ajira ya ualimu, uuguzi au ulinzi, jibu la "ni kweli" lililotolewa kwa dakika moja linaweza kumrudia miaka mingi baadaye.

## Mjadala wa sheria hii

Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi wanachama zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Nchini Malawi, Mahakama Kuu ilikuwa imeshabatilisha kifungu kimoja cha aina hiyo mwaka 2017, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifanya hivyo mwaka 2022.

Wanaotetea vifungu hivi husema kwamba jamii ina haki ya kulinda staha, hasa mbele ya watoto. Wanaovipinga hawasemi kwamba kuvua nguo sokoni kuruhusiwe. Hoja yao ni kwamba maneno mapana humkamata maskini kwa sababu ya hali yake badala ya kitendo chake: asiye na choo, asiye na chumba, mwanamke aliyetembea usiku. Hadi sheria ibadilike, kinga iliyopo ni ileile ya vipengele vinne vya kosa, kimoja baada ya kingine, na mshtakiwa anayeuliza maana ya shtaka kabla ya kulijibu.